Gari Nililoliezeka Nyasi

Juzi mjukuu wangu alinionyesha gari la spoti la zamani analolifufua huko Kiamunyi, eti aende nalo kazini kila siku. Halina paa. Nikacheka.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alifufua moja kama hilo kule Molo, kwenye shamba la mzungu. Lilikuwa limelala bandani na kuku, likinuka mavi na petroli. Bwana alimwonya, "Ukiharibu hii, hama na watoto yako." Baba akalitengeneza, hata akalifungia nyuma chuma cha kubebea mikebe ya maziwa.

Alasiri alipolisukuma nje, nikaona juu kuko wazi. Nikajua baba amevunja paa, tumekwisha. Sikujua wazungu hununua gari la hivyo kwa kupenda! Alipoingia kunywa chai, nilikata nyasi nikaliezeka kama nyumba yetu.

Bwana akaja, akanguruma, "Nani naezeka gari yangu?"

"Msichana wangu," baba akasema. "Anaogopa utanyeshewa."

Uongo mtupu. Kichwa cha Bwana kilinihusu nini? Lakini mzungu alicheka mpaka akakohoa, na hatukuhama.

"Sasa shosho, mvua ikija?" mjukuu akaniuliza.

"Nyasi iko. Na fundi ndiye mimi."