Goti Juu ya Mgongo wa Sadiki

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa akili na awezaye kuirudisha inapopotea. Namshukuru kwa umri alionijalia, na kwa macho haya, hata siku yanapoona nisiyopenda kuyaona.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kiangazi kilichopita hapa hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Nilikuwa nimetoka msikitini baada ya adhuhuri nikasikia kelele mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki na wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wetu. Nikateremka. Sadiki, kijana wa jirani yangu, alikuwa akiwazoa ndagala mchangani kwa mikono miwili na kuwarudisha ziwani.

"Wana kiu," alikuwa akisema huku analia. "Muwaache wanywe."

Alikuwa halali wala hali kwa siku nyingi, na mama yake alikwisha kutuambia sisi majirani kwamba mtoto anaumwa akili. Ni kweli aliharibu mali. Jasho la wanawake wale lilikuwa linaelea majini, nami siwalaumu kwa kupiga kelele. Mmoja wao alipiga simu polisi, akitaka msaada.

Wakaja watatu. Hakuna aliyeuliza jina lake. Hakuna aliyemsikiliza Mama Sadiki, aliyekuwa amesimama karibu nao kabisa, akipaza sauti: "Mutoto yangu iko mugonjwa! Si mwizi, si mulevi, iko mugonjwa!"

"Mugonjwa gani iko na nguvu hivi?" mkubwa wao akacheka. "Huyu amevuta bangi. Sisi ndio dawa yake."

Wakampiga virungu nyuma ya magoti mpaka akaanguka kifudifudi. Mmoja akamfunga mikono kwa kamba ya nailoni ya nyavu, akaikaza. Mwingine akamwekea goti mgongoni. Huyu wa goti akainua kichwa, akaniona, akatabasamu. Alikuwa Idi, niliyemfundisha Kurani tangu alifu.

"Salamu alekum, mwalimu," akasema, kwa adabu zote.

Mwanangu, kuitikia salamu ya Mwislamu ni wajibu, nami sikuwahi kuacha hata moja ipite bure. Siku ile niliizuia.

"Idi," nikamwambia, "inuka kwanza juu ya mgongo wa mtoto wa watu, ndipo nikuitikie."

Idi akamtazama mkubwa wake. "Mwalimu, hii ni kazi."

"Kazi ya kumkalia mgonjwa? Ulijifunza kwa nani, kwangu?"

Akainuka. Nikamwitikia, nikapiga magoti karibu na uso wa Sadiki. Nilipokuwa na umri wake, mwalimu wangu alikuwa akitufukuza tukimzingira mtu wa namna hii. "Geuzeni nyuso, nyinyi! Huyu si ngoma ya arusi." Kisha alikuwa akikaa chini, naye anamuuliza mgonjwa jambo dogo la kawaida. Basi nami nikauliza, "Sadiki, umekula leo?"

"Sijala, baba," akajibu taratibu.

Umesikia? Aliulizwa vizuri, akajibu vizuri. Mwili wake ulikuwa umeanza kutulia. Nikaomba wamfungue, mimi na mama yake tumpeleke hospitali. Mkubwa wao akasema, "Mzee, utatufundisha kazi?" Wakamtupa nyuma ya gari, wakampeleka kasho, mahabusu ya polisi. Akalala humo na kamba yake mikononi.

Asubuhi tulikwenda na muuguzi, ndipo wakamtoa. Mkubwa yule akasema, "Kumbe ni mgonjwa kweli." Kumbe! Neno hilo linanichoma mpaka leo. Mama yake alikuwa amelitangaza mbele ya mwalo mzima.

Daktari wa Bujumbura alimpa dawa, na kwa rehema za Mungu Sadiki akarudi kulala, kula na kucheka. Lakini alikuwa fundi wa kushona nyavu, na mkono wa kulia haukunji vidole tena. Ugonjwa ulipata dawa. Mkono walioufunga wao haukupata.

Na kuna lililo baya zaidi. Juzi juzi maradhi yalipobisha tena, Mama Sadiki alifunga mlango na dirisha, akaja kwangu kwa njia ya nyuma. "Mwalimu, njoo wewe peke yako," akaninong'oneza. "Usiite mutu." Sadiki mwenyewe nilimkuta amejibanza chini ya kitanda, akitetemeka kwa kusikia pikipiki tu barabarani. Mama anaogopa kuomba msaada! Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya siku ile mwaloni.

Nimefundisha subira maisha yangu yote, na bado naifundisha. Lakini subira sikuifundisha kwa ajili ya kumnyamazisha mama anayelia. Mwanangu, ukivaa sare, sikiliza kwanza yule anayemjua mgonjwa, mpe mgonjwa nafasi ya kupumua, kaa chini, sema naye polepole. Kamba iache kwenye nyavu. Ukiwa jirani, mkimbilie muuguzi kabla ya kumpigia simu mwenye kirungu, na usisimame kutazama. Na kama wewe ndiye kichwa kimekulemea, usione haya. Hujakosa. Mwambie mmoja unayemwamini, leo hii, mlango ungali wazi.

Mungu akulinde wewe unayesoma haya, akutulizie moyo na usingizi wako, na siku utakapoanguka akuletee watu watakaokuinua kwa mikono laini. Amina.