Mgeni Niliyemdhania Mshenga

Binti yangu anayefanya kazi Kibaha alipiga simu hapa kwetu Masaki ya Kisarawe. "Baba, Jumamosi kuna mgeni atakuja. Msikilizeni, halafu muamue wenyewe." Simu ikakatika, nami sikuhitaji maelezo zaidi. Nikachinja jogoo, nikavaa kanzu, nikamwita kaka yangu mkubwa.

Kijana akaja na mkoba, akatuamkia vizuri, kisha akauliza kama ukoo wetu una magonjwa. Mshenga makini, nikawaza.

"Kwetu hata mafua tunayasikia kwa majirani," nikajibu. "Haya, anayetaka kuoa ni nani?"

Akainama. "Samahani mzee, mimi ni wakala wa bima ya afya. Binti yako ana wasiwasi na kisukari chako."

Mke wangu akaingia na vikombe vya chai. "Hiki chako," akaniambia, "hakina sukari."