Staji ya Miezi Mitatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Masera, yule mtawa aliyekuwa mkubwa wa wauguzi katika hospitali yetu ya Uvira, alinitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Weye njo ule wa iniversite? Utatibu watu na nini, hauna hata sindano?" Nikamwonyesha mikono yangu miwili. Akacheka, akanipa bluzi nyeupe.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa nasoma kineziterapi, mbali sana na kwetu: namna misuli inavyofanya kazi, na namna ya kumrudishia mtu mwendo baada ya kuvunjika. Miaka miwili nimemaliza, umebaki mmoja. Profesa alinituma nyumbani kwa staji, yaani kujifunza kazi kwa wagonjwa, miezi mitatu. "Uniletee rapore ya kurasa kumi," alisema. "Bila rapore hakuna diplome."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Byamungu, mvuvi wa Kilibula aliyevunjika paja. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda kama wa mtoto. Nilimfundisha kukaza kwadrisepsi, ile nyama kubwa ya mbele ya paja. Kila asubuhi nilipima kwa goniometre goti linakunjika kiasi gani. Kisha nikamtembeza katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, juu ya sementi, sawasawa na kitabu. Akaacha fimbo. Nilijiona profesa, mimi!

Siku mbili hazikupita, mke wake akaja mbio. Byamungu alikuwa ameanguka ufukoni akielekea kwenye mtumbwi wake. "Munganga," alinifokea mbele ya watu wote, "umemufundisha bwana yangu kutembea ku sementi. Kwetu sementi iko wapi?"

Aibu gani ile! Mchanga unakimbia chini ya mguu, na mimi, mtoto wa ziwa, nilikuwa nimeusahau. Kesho yake niliacha vyuma, nikampeleka Byamungu mchangani, kwanza ule mgumu wenye maji, halafu mkavu. Alipoanza tena kuvuta nyavu na wenzake, niliandika yote. Kurasa kumi zikatimia, nikafunga sanduku.

Ndipo uasi ukaingia. Barabara ikafungwa, meli zikasimama. Nilikimbilia Sange na mama yangu, nikawa nanyoosha viungo vya watu kwenye dispansere. Vita ilipotulia niliandikia chuo, jibu halikuja. Niliporudi Uvira, daktari mkurugenzi mpya akaniambia, "Hauna diplome, utakuwa musaidizi." Nikakubali. Mama alikuwa na nani mwingine?

Nilikuwa msaidizi mpaka pensheni, nikiwatembeza wagonjwa mchangani. Siwadanganyi, vijana, inaniuma hadi leo. Natamani lile darasa, sisi wote tukihesabu mifupa kwa sauti, tukifika mgongoni tunachanganyikiwa, tunaanza upya. Mungu wangu, tulivyokuwa tukicheka!

Mwaka jana goti langu lilichoka. Kine kijana, yaani mtu wa kineziterapi, mwenye diplome yake, hakunipeleka kwenye vyuma. Alinishika mkono akanishusha mchangani.

"Nani alikufundisha hivi?" nilimuuliza.

"Hapa Uvira njo vile inafanyika, Papa. Tuliikuta tu."

Machozi yalinitoka, nikasingizia upepo. Akaniuliza kwa heshima, "Papa, nasikia na nyinyi mulisoma kine. Mulimaliza?"

Nikakumbuka zile kurasa kumi, zingali sandukuni.

"Bado, mwanangu," nikamwambia. "Minye ningali ku staji."