Madume Mawili ya Beta Katika Nyumba Yetu ya Kirotshe

Bwana yangu alirudi kutoka Goma akiwa amebeba samaki wawili kifuani, ndani ya koti.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu, na kila niliposikia moto, ile pikipiki ya abiria, imesimama mbele ya nyumba nilitoka mbio, hata kama mwiko ulikuwa mkononi. Siku hiyo alishuka polepole kama mtu aliyevunjika mbavu. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akatoa mifuko miwili ya plastiki iliyojaa maji. Katika mmoja kulikuwa na samaki mwekundu, mapezi yake yakining'inia kama kitambaa cha bibi arusi. Katika mwingine alikuwamo wa buluu, buluu ambayo sikuwa nimeiona hata kwenye vikwembe, vitenge vya sokoni.

"Njo nini hii?" nikamuuliza.

"Beta," alisema, meno yakigongana kwa baridi. "Nimebabeba na joto ya mwili yangu, kutoka Goma mupaka hapa."

"Iko ya kula?"

Alinitazama kama kwamba nimeuliza iwapo jirani yetu ni wa kula.

Yeye ni muuguzi. Alikuwa amekwenda Goma kwa mafunzo ya majuma mawili, na kila jioni alipita mbele ya papa mmoja, yaani mzee, anayeuza samaki wa mapambo, akasimama, akatazama, mpaka akashindwa kujizuia. Mimi nilizaliwa Kingi, juu milimani, kwa watu wa maharagi na mihogo. Samaki niliyemjua ni sambaza, na nilimjua akiwa ndani ya sufuria. Kwetu hakuna anayefuga mnyama asiyetoa maziwa, nyama wala mayai.

Lakini nilikuwa bado bibi arusi, na bwana yangu alikuwa anacheka peke yake kwa furaha, basi na mimi nikacheka. Fundi wa madirisha alitutengenezea sanduku la kioo. Nilichota mchanga ufukweni mwa ziwa, nikauosha mara saba. Tukaweka sanduku salon, chumba cha wageni, kwenye ukuta unaopakana na jiko, ili babula yangu, seredani ya makaa, iwapashe joto, kwa maana beta hawapendi baridi.

Kisha bwana yangu akawamimina wote wawili humo.

"Yule papa alisema kila mumoja akae kwa chupa yake," aliniambia. "Lakini nilijua anataka tu kuniuzia machupa. Hawa ni ndugu. Batazoeana."

Ndugu hao walisimama wakatazamana. Halafu yule mwekundu akafungua mashavu, kama mtu anayefungua mwavuli. Wa buluu naye akafungua wake. Walikuwa wazuri kiasi kwamba nilipiga makofi. Sikuwa nimemaliza kupiga makofi nilipoona kipande cha mkia mwekundu kinaelea peke yake juu ya maji.

Nilipiga kelele, nikachukua chujio la chai, nikamnasa wa buluu na kumhamishia katika jagi la kioo tulilopewa siku ya arusi. Bwana yangu akampigia simu yule muuzaji. Nilimsikia yule papa akicheka, akicheka, mpaka unite za simu zikaisha. Alipopigiwa tena alisema, "Dume mbili za beta hazikae pamoja, hata kama zilitoka tumbo moja. Kama iko lazima bakae kwa kioo moja, weka ukuta katikati. Na basionane."

Tulikata kifuniko cheupe cha ndoo, tukakitoboa matundu madogo ili maji yapite, tukakichomeka katikati ya sanduku. Vyumba viwili, mlango hakuna. Mwekundu upande wa kushoto, wa buluu upande wa kulia, na kila mmoja akaamini kwamba ndiye mfalme wa Kirotshe nzima.

Nami nikapendezwa nao vibaya sana. Mimi hushona nguo nyumbani, na nilihamisha cherehani yangu karibu nao. Pipa la maji ya mvua, ambalo zamani nililifunika ili mbu wasitage mayai humo, sasa nililiacha wazi makusudi, nikachota viluwiluwi vya mbu kwa kijiko. Kila asubuhi samaki walikuwa wakiniona tu, wanaanza kucheza. Mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni alikaa mpaka adhuhuri akimtazama yule wa buluu, mwishowe akasema hataki tena ile rangi aliyoichagua. "Unitafutie kama ya huyu."

Hapo ndipo baba yangu na wazazi wa bwana yangu walipokuja kula kwetu, Jumapili moja, kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa na hofu, kwa sababu ya baba zetu. Hawakuwa na ugomvi, la. Walikuwa tu hawana la kuambiana. Baba yangu ni mkulima, maneno yake ni machache. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, na huyo husema Kifaransa hata akiomba chumvi. Siku ya arusi walikuwa wameketi bega kwa bega kama wagonjwa wanaongoja kuitwa.

Jumapili hiyo barabara ilikuwa nzuri na baba yangu alifika mapema kutoka Kingi, koti lake la ibada likiwa na vumbi mpaka mabegani. Baba mkwe akamwambia, "Karibu, Papa." Baba akasema, "Asante, Papa." Nilikuwa jikoni nikisikiliza kimya chao huku nikisonga bugali. Bwana yangu akatoroka, eti anakwenda kununua Fanta.

Nilikuwa nimekwisha kupanga sombe ya majani ya mihogo, maharagi na sambaza juu ya meza, na chini sakafuni beseni la maji ya uvuguvugu la kunawa mikono. Mama mkwe alikuwa akizungukazunguka salon. Ni mwanamke mwenye huruma, na hawezi kuona kitu bila kukitengeneza. Nikasikia sauti yake.

"Maskini ya Mungu! Mbona bamebafungia hivi? Ndugu na ndugu hawawezi hata kusalimiana?"

"Mama, hapana!" nilipaza sauti. Nilikuwa nimechelewa. Nilipotokea mlangoni, kile kifuniko cheupe kilikuwa mkononi mwake, kinadondosha maji.

Madume walikuwa wamekwisha kushikana. Maji yalichemka. Mama mkwe akashika kichwa. "Yesu! Nimebagombanisha!"

Baba yangu, ambaye sauti yake kubwa niliijua kwa kuitia ng'ombe tu, aliruka kutoka kitini. "Anamuuma! Anamuuma mukia!"

"Arrêtez!" baba mkwe aliwaamuru samaki waache, kwa Kifaransa, kidole juu, kama anasimamia darasa. "Arrêtez tout de suite!"

Samaki hawakuwa wamesoma. Baba yangu akavua koti la ibada, akakunja mkono wa shati, akautumbukiza mpaka kwenye kiwiko. Maji yakamwagika juu ya kitambaa cha meza. Baba mkwe akaacha Kifaransa, akanyakua upawa wa maharagi. "Mushike ule ya buluu, Papa! Mimi na ule mwekundu!"

"Anapita huku!"

"Huku wapi? Kwangu ao kwako?"

Ndipo wa buluu aliporuka. Alipaa kutoka kwenye kioo, akatua mezani kati ya sombe na bugali, akaanza kupapatika. Baba yangu akamfunika kwa viganja viwili, kwa upole, jinsi anavyookota mbegu, akageuka huku na huku kutafuta maji.

"Beseni!" nikapiga kelele. "Sabuni haijaingia!"

Akamtia katika beseni la kunawa. Wazee wote wawili wakapiga magoti sakafuni, wakainamia beseni, vichwa vikigusana. Samaki alilala ubavu. Kisha akajiinua, akapanda juu, akavuta hewa kwa kinywa chake kidogo, akafungua mashavu kuwatisha wote wawili.

Baba mkwe akakaa chini kabisa, akaanza kucheka. Baba yangu akaanza pia, kile kicheko cha tumbo ambacho sikuwa nimekisikia tangu nilipokuwa mtoto. Mama mkwe, aliyekuwa analia, akacheka na machozi yake hayohayo. Bwana yangu alipoingia na Fanta, alikuta wazee wawili wamelowa, wameshikana mabega sakafuni, na mmoja ana upawa.

"Kuko nini hapa?"

"Tumetenganisha bapiganaji," alisema baba yangu.

Tulinawa kwa jagi, tukala bugali baridi, na sijawahi kula chakula kitamu kuliko hicho. Walisimuliana tukio lile mara sita kama kwamba mmoja wao hakuwapo. Moto ya kumrudisha baba ilipiga honi mara tatu kabla hajainuka.

Tulirudisha ukuta, na mapezi yaliota tena taratibu. Nilibadilisha maji kidogo kila siku, nikitia chumvi kiasi cha kubanwa na vidole viwili. Baba yangu, ambaye hakuwa na desturi ya kunipigia simu, sasa alipiga kila jioni. "Wa kwangu amekula?" Wa kwake alikuwa wa buluu. Mwekundu alikuwa wa baba mkwe, na ole wako uwachanganye.

Baada ya mwezi baba alishuka tena kutoka Kingi, bila mwaliko. Mfukoni alikuwa na chupa yenye viluwiluwi vya mbu. "Hawa ni ba kwetu," alisema. "Ni wanene." Baba mkwe alikuwa amekwisha kufika. Walivuta viti viwili mbele ya kioo, wakabishana kuhusu nani kati ya wawili hao angeshinda, na nilishindwa kushona mstari ulionyooka kwa kucheka.

Alasiri wakatoka pamoja kwenda kutazama ziwa. Niliwaona kupitia dirishani wakiteremka njia, wameshikana mikono kama vijana, na baba yangu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyekuwa anaongea.