Kaburi la Mfalme wa Rongai

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumapili niliyokwenda shambani kwa kina Chebet, nje ya Rongai, kujionyesha kwa nyanya yake. Kogo, ndivyo wanavyomwita nyanya kwa lugha yao, asipokubali, hakuna binti anayeolewa katika familia ile. Mimi nilikuwa kijana wa Nakuru mjini, mtoto wa fundi wa reli, nimevaa tai ya kuazima. Chebet alikuwa amenionya: "Wafula, please, leo ongea kidogo." Ningeweza wapi!

Baada ya chai, Kogo akasema twende tunyooshe miguu, na wajomba wawili wa Chebet wakafuatana nasi. Nyuma ya shamba kulikuwa na shimo pana la duara, limezungushiwa mawe ya watu wa kale, na kando ya mlango wake kilima kidogo chenye nyasi za kijani ajabu.

"Kijana, hii unaona ni nini?" Kogo akaniuliza.

Sikujua. Lakini nilimpenda Chebet mno, nikaogopa kuonekana mjinga. "Hapa palikuwa ikulu, Kogo. Na hicho kilima ni kaburi la mfalme."

"Nani alikuambia?"

"Nilisoma kwa kitabu." Kitabu chenyewe sijakiona hadi leo.

Hapo breki zikakatika. Nikawaamuru wote wavue viatu kwa heshima ya marehemu. Kogo, na magoti yake mabaya, akavua vyake vya plastiki polepole. Tukapanda kilima pekupeku, miiba ikituchoma, nikafumba macho na kumwombea mfalme apumzike kwa amani. Wale wajomba wakaitikia "Amina" huku wamejishika mbavu. Nilidhani ni majonzi.

Kogo akangoja nimalize. "Hii shimo ni boma ya ng'ombe," akasema. "Watu wa zamani walikuwa wanalaza ng'ombe ndani, asubuhi wanafagia, wanatupa hapa tumesimama. Wewe umeombea mavi."

Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikakumbuka ni ardhi ya namna gani.

"Haya. Na hayo mawe iliwekwa na nani?"

Nikamtazama Chebet. Alikuwa karibu kulia.

"Sijui, Kogo. Hata ile ya kwanza sikujua. Niliogopa utaninyima Chebet."

Akaketi juu ya jiwe, akaninyooshea mguu. "Nivalishe viatu. Mtu anasema hajui, huyo tunaweza kuishi na yeye."

Nikapiga magoti, nikamtoa miiba mmoja mmoja, nikamvalisha. Nilikuwa na furaha hata nikabadilisha kushoto na kulia.

Basi mwanangu, ukitembelea mawe ya wazee, uliza wenyeji kabla hujaanza kuwafundisha. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hasa mbele ya wakwe. Mimi bado najifunza: nikianza kueleza nisichokijua, Chebet wangu huinama na kuvua viatu vyake.

Mungu akujalie maarifa, na pale yatakapokuishia, akupe moyo wa kusema yameisha. Utembee salama, viatu vikiwa miguuni.