Tai Juu ya Kaburi la Baba

Sitaficha: nilipanda boti Bukavu kwenda Goma nikiwa na hasira. Mwaka ulikuwa umetimia tangu tumzike baba, na familia ilikuwa inajiandaa kumaliza matanga yake. Kaka yangu mkubwa, Yaya Deo, akanitumia kwenye simu picha ya kaburi lililojengwa upya kwa saruji. Juu yake, kando ya jina la baba, palikuwa na tai mwenye makucha marefu na radi mdomoni. Tai wa nini? Nikamwambia mume wangu kwamba sitasubiri siku ya sherehe, naondoka kesho.

Baba alikuwa fundi wa helikopta, akiruka nayo safarini, katika kikosi cha anga cha jeshi, kikosi cha kubeba wagonjwa na mizigo, si cha kupiga mabomu. Miaka yote ya kazi alivaa kwenye mkono wa shati nembo ya nyange mweupe amesimama juu ya kilima cheusi.

Ziwani, abiria wa pembeni aliniuliza ni nani amenikosea, maana nilikuwa nanung'unika peke yangu kama chungu cha maharagwe. Nikamweleza habari ya ile nembo. Zamani, kule Masisi, mvua ikinyesha majani yalirefuka yakaficha matope na mashimo, na rubani akiwa juu hakujua atue wapi. Wachungaji walipomwandaa mgonjwa wa kusafirishwa, walikusanya ng'ombe mahali pagumu ambapo majani yalikuwa yameliwa yakaisha. Panapo ng'ombe pana nyange. Rubani aliona weupe ule kutoka mbali, akazunguka, nao chini wakaswaga ng'ombe pembeni, nyange wakawafuata. Ndipo akatua. Wanajeshi hawakujichagulia ndege wa kujisifia. Walichukua alama waliyopewa na watu wa chini. Abiria akasema basi ana haki ya kunung'unika mtu wa namna hiyo, akanipa ndizi.

Tulishuka Goma, bandari ya Kituku, mchana, katikati ya wauza samaki, nikachukua pikipiki mpaka mtaa wa Keshero kwa mama. Nilimkuta anachambua mchele wa wageni. Nikamuuliza kama Deo alimshirikisha kabla ya kuchora. Hakuinua kichwa. Alisema aliletewa picha kazi ikiwa imeshakwisha, na kwamba mjane hana sauti kwenye vikao vya wanaume. Shati lile alilifua yeye, nembo ilipofumuka aliishona yeye, halafu hana sauti! Sikumaliza hata chai.

Mtaa wa Mapendo, kwenye karakana ya mchoraji, nilimkuta Deo anachagua rangi ya maandishi ya mwisho. Mchoraji, Papa Kasereka, alijitetea kwamba yeye anachora anachoambiwa, na tai ndiye anayependwa na wateja wengi, hata wa saluni na wa maduka ya simu. Nikamgeukia kaka yangu, nikamuuliza kama baba alikuwa saluni.

"Nyange anakulaka kupe," Deo alisema. "Kesho ma-officier watakuya. Unataka wacheke Papa?"

"Papa alimuvaaka huyo nyange mbele ya ma-officier maisha yake yote," nikamjibu. "Ni wewe njo uko na haya, si yeye."

Aliniambia niliolewa Bukavu, nibaki na mambo ya Bukavu. Tai akabaki.

Siku ya sherehe, makaburini, padri alikuwa ameshaomba na maofisa wawili walikuwa wanapigwa picha kando ya tai. Ndipo nikamwona mama mmoja mtu mzima, ana kibuyu cha maziwa mgongoni na vumbi la safari mpaka magotini. Alipita karibu nasi, akalitazama kaburi letu vizuri, akaendelea mbele. Aliinama kwenye kaburi la pili, la tatu, akarudi. Nikamfuata nikamuuliza anatafuta nani.

"Nimetoka Masisi, natafuta Papa wa nyange," alisema. "Walituambia wanamaliza matanga yake leo. Njo alibebaka mama yangu mu helikopta, mudogo wangu akazaliwa muzima. Mi sijue kusoma. Nilimujuaka kwa ule ndege wa ku mukono."

Nilimshika mkono nikamleta. Alipoonyeshwa kaburi alisita, akamuuliza Deo, kwa adabu kabisa, kama wana hakika ni yeye. Nilimtazama Deo bila huruma, maana mtu aliyetoka Masisi kumshukuru baba yangu alikuwa amempita kama mgeni, kwa ajili ya kuwafurahisha watu wawili wenye kofia.

Kisha Deo akavua koti lake. Aliokota jiwe la volkano, lile jeusi lenye meno, akapiga magoti mbele ya maofisa na padri, akaanza kumkwangua tai. Hakuna aliyemsaidia. Mama yetu alisimama karibu naye akimwonyesha kwa kidole sehemu alizosahau.

Nilirudi Bukavu na boti ya kesho yake. Nimejifunza kwamba nembo ya baba haikuwa yetu ya kubadilisha. Ilikuwa ya wale waliosimama kwenye majani wakiinua macho, na ambao hakuna mtu katika familia yetu aliyefikiri kuwaandalia hata kiti. Mama yule wa Masisi alimwaga maziwa yake ya shukrani juu ya kaburi amesimama.