Kwato za Beberu Mwekundu

Shemeji yangu alipokufa nilikwenda kuzika. Nikakaa na wanawake wenzangu, nikamenya ndizi za msiba, na chozi halikunitoka. Watu walisema nina moyo wa jiwe. Waseme! Hawakumjua beberu wangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mjane bado kijana, mwenye watoto wawili. Mume wangu alikufa kwa kichomi, na matanga hayajaisha ndugu yake akanijia na habari za kunirithi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kanisa, na hata nisingekuwa wa kanisa, wewe sikutaki. Alicheka mbele ya watu, lakini moyoni aliliweka.

Kitu chake kilichokuwa kwangu ni kimoja tu, mbuzi jike aliyempa marehemu amfugie. Huku mlimani mwenye mifugo mingi huigawa ikae katika nyumba za wengine. Anayefuga anapata maziwa na mbolea ya migomba, na mzao wa tatu unakuwa wake. Shemeji alikwisha kuchukua wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulikuwa wangu, na kila mtu alijua.

Basi nikatumia akili. Nilikuwa nafanya kibarua kwa Kaburu mmoja upande wa Siha. Alifuga mbuzi wakubwa, wanene, masikio yamelala, mwili mweupe na kichwa chekundu. Akizaliwa mwekundu mwili mzima, Kaburu alimwona ana kasoro, akawaachia wachungaji wamle. Dume mmoja wa hao wekundu alikuwa bado hajaliwa, nikampelekea jike wangu. Wachungaji wakanicheka, "Mama, huyu hata Kaburu mwenyewe hamtaki!" Nikawajibu kwamba hata mimi Kaburu simtaki, nimefuata mbuzi.

Akazaliwa dume, mwekundu kama udongo wa barabarani. Shemeji alikuja kumtazama, akatema mate chini.

"Mbuzi gani huyu, ameungua? Mzao wa tatu ni wako, mchukue na nuksi yake."

Jirani yangu, bibi mmoja mzee, alikuwepo akasikia.

Kwetu mbuzi hakai nje. Anafungwa ndani ya nyumba, gizani, analetewa majani na vigogo vya mgomba mpaka siku ya kisu, maana mali haianikwi mbele ya macho ya watu. Lakini kwa Kaburu nilikuwa nimeona kwamba mbuzi asiyetembea kwato zake hurefuka, zikajikunja, zikaoza. Kwa hiyo kila asubuhi nilimtembeza wangu kwenye mawe kando ya mfereji. Kila mwezi nilimlowesha miguu, nikamchonga kwa kisu kidogo, taratibu, naye ametulia ananitafuna kanga. Loo, nilichekwa! "Mjane kapata mume wa kutembea naye!" Aliyeanzisha maneno hayo ni shemeji.

Alipokomaa, wale wale waliocheka wakaanza kuleta majike yao kwangu, kimyakimya, kila mmoja na maharage yake au ulezi wake. Watoto wangu wakaacha kulala njaa. Nilimtegemea beberu yule kuliko nilivyowahi kumtegemea mwanamume.

Kisha serikali ikatangaza maonyesho ya mifugo Moshi mjini. Tulianza kuteremka alfajiri, tukapita Majengo watoto wanatukimbilia nyuma. Bwana Mifugo, Mzungu mwenye miguu mirefu, alimpapasa mgongo, akamwinua mguu mmoja mmoja, akamwambia karani wake aniulize nani amechonga kwato hizi. Nikasema ni mimi. Akamfunga utepe wa buluu shingoni, watu wakapiga makofi.

Siku ile ndiyo iliyoniponza. Wiki haijaisha, shemeji akanipeleka barazani kwa Mangi, mtawala wetu. Alisema mzao wa pili ulikufa, hivyo hauhesabiki, na huyu mwekundu ndiye wa pili, mali yake. Mwongo mkubwa! Yule wa pili tulimla Krismasi nyumbani kwake. Bibi jirani alisimama kunishuhudia, wazee wakamwambia akae, hayo ni maneno ya wanawake wa mferejini. Shemeji akamchukua beberu wangu kwa kamba yangu mwenyewe. Nilimtukana njia nzima, na sijutii hata tusi moja.

Akamfungia ndani, gizani kabisa, kwa kuogopa jicho baya. Alimlisha vizuri, nisimsingizie. Ila hakumtoa nje hata siku moja kwa mwaka mzima.

Siku tatu kabla ya maonyesho yaliyofuata, nikamwona anakuja kwangu na jani la isale mkononi, amelifunga fundo. Huku kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi, hukatai, hata kama amekuulia ndugu.

"Shemeji, nilikukosea. Naomba radhi," akasema. "Na nakuomba uje umchonge kwato. Hasimami vizuri, na mimi nikimgusa ananipiga pembe."

Nikalipokea isale. Uso wake ukachangamka.

"Radhi nimekupa," nikamwambia. "Isale limeomba radhi, halikuomba kisu changu. Si wako? Mchonge mwenyewe."

Bibi jirani alikuwa ameketi hapo anapukuchua mahindi. Akanitazama. "Mwanangu, huyo mbuzi ana kosa gani?"

Nikamwambia aniache.

Jioni ile shemeji alimchonga kwa panga, mguu juu ya gogo, kama anayechanja kuni. Kelele za mbuzi zilivuka migomba mpaka uani kwangu. Kisu changu kilikuwa kimechomekwa kwenye nyasi za paa, mahali pake pa siku zote. Niliendelea kupepeta maharage.

Kwenye maonyesho nilikwenda, tena nilivaa nguo yangu ya Jumapili. Nilitaka kuona anavyoaibika. Na aliaibika kweli! Walimleta beberu ndani ya mkokoteni, miguu imefungwa matambara, inzi wamejaa. Bwana Mifugo alifungua tambara moja, akageuza uso, akafoka kwa Kizungu. Karani akatafsiri kwamba mnyama huyu apelekwe kwa mchinjaji leo leo, na mwenyewe asionekane tena hapa. Watu wakamzomea shemeji. Mimi nikacheka kwa sauti.

Beberu akaisikia sauti yangu. Akalia, akajaribu kusimama, kwato zikamkataa. Basi akapiga magoti ya mbele, akaanza kunijia hivyo hivyo kwa magoti, anasukuma matope, kamba ikamkaza, naye anazidi kuja. Hata hatua moja sikupiga. Nilikuwa naogopa shemeji asije akaniona nalia.

Kesho yake mke wa shemeji aliniletea fungu langu la nyama kwenye jani la mgomba. Nilipika, nikala, nikawapa watoto.

Shemeji nilimsamehe, maana isale ni isale. Kumlilia, thubutu! Bibi jirani naye alishakufa, akafa bila kuniuliza tena lile swali. Lakini yule beberu hakunikosea kitu, na kisu nilikuwa nacho. Isale la kwake nimpelekee nani?